Dizeli Alikuwa Mtu

Wanapokutana watu wawili wapendao magari, iwe ni kwenye gereji, katika kituo cha mafuta au nje ya kanisa baada ya ibada ya Jumapili, mazungumzo yao hayachukui muda kabla ya kufikia suala moja kongwe: je, bora ni gari la petroli au la dizeli? Wa kwanza atasifu wepesi wa petroli na ukimya wa injini yake. Wa pili atajibu kwamba dizeli hupanda mlima na mzigo wake bila kuhema, hutumia mafuta kidogo, na kwamba injini yake ikitunzwa huweza kumzika aliyeinunua. Mjadala huo haujapata mshindi, wala hauelekei kumpata. Hata hivyo, ndani yake mna jambo ambalo sisi walimu wa lugha hatupaswi kulipuuza. Wajadilianao hulitaja jina la mtu mara ishirini kwa saa moja, na hakuna hata mmoja wao anayehisi kwamba amemtaja mtu.

Dizeli alikuwa mtu. Sarufi yenyewe hututatiza tunapoiandika sentensi hiyo, maana mwanafunzi wa shule ya msingi atatusahihisha papo hapo kwamba dizeli ni nomino ya ngeli ya I-ZI: dizeli imepanda bei, dizeli imemwagika, dizeli imechanganywa na mafuta ya taa. Ndivyo ilivyo leo. Lakini zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Diesel alikuwa katika ngeli ya A-WA. Alisoma, alioa, aliugua, alikopa, na usiku mmoja alitoweka baharini. Safari yake ya kutoka ngeli moja hadi nyingine, kutoka herufi kubwa hadi herufi ndogo, ndiyo ninayonuia kuisimulia hapa. Ni safari ya binadamu ambaye lugha nyingi za dunia zimelihifadhi jina lake na kumsahau mwenyewe.

Rudolf Diesel alizaliwa jijini Paris tarehe 18 Machi 1858, ingawa wazazi wake wote wawili walikuwa Wajerumani wa jimbo la Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza vifaa vya ngozi, na nyumba yao haikuwa ya watu wenye nacho. Mtoto alipokua kidogo alitumwa kuwapelekea wateja mizigo ya babake kwa mkokoteni. Muda wake wa mapumziko aliupitisha katika jumba la makumbusho ya ufundi la jiji hilo, ambamo mlihifadhiwa gari la mvuke la magurudumu matatu lililoundwa na Mfaransa Nicolas-Joseph Cugnot katika karne ya 18. Yamkini hakuna shule bora kwa mtoto mwenye macho kuliko jumba la namna hiyo.

Mwaka 1870 vita vikazuka baina ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani waliokuwa wakiishi Paris waligeuka kuwa maadui kufumba na kufumbua, na familia ya Diesel ikalazimika kukimbilia London. Huko maisha yalikuwa magumu zaidi. Wazazi wake wakaamua kumpeleka Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12 tu, katika mji wa Augsburg nchini Ujerumani, kwa jamaa yao Christoph Barnickel aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Alisafiri peke yake. Akiwa bado kijana mdogo alikuwa tayari ameishi katika nchi tatu na kusikia lugha tatu, na katika kila nchi alionekana kuwa mgeni.

Nyumba ya mwalimu yule ndiyo iliyomtengeneza. Wazazi wake walitarajia kwamba angesoma kidogo, kisha atafute kibarua cha kuisaidia familia. Yeye alishika msimamo kwamba atakuwa mhandisi, na mlezi wake akamuunga mkono. Mwaka 1875 alipata ufadhili wa kusoma katika chuo cha ufundi cha Munich. Mwaka 1879, wakati wa mtihani wake wa mwisho ulipowadia, aliugua homa ya matumbo na ikambidi asubiri. Alipoufanya hatimaye, Januari 1880, aliupita kwa alama za juu kabisa. Walimu wanaosoma makala haya wazingatie jambo hili: laiti Barnickel angeona kwamba mtoto wa fundi maskini hastahili zaidi ya ufundi wa babake, dunia ingalikosa jina ambalo leo limeandikwa katika kila kituo cha mafuta.

Chuoni Munich, Diesel alifundishwa na Profesa Carl von Linde, mtaalamu mashuhuri wa mitambo ya kutengeneza barafu. Mwaka 1878, katika mhadhara mmoja, Linde aliwaeleza wanafunzi wake kwamba injini ya mvuke, iliyosifiwa kuwa fahari ya karne nzima, ilikuwa inapoteza karibu joto lote la makaa yanayochomwa. Sehemu iliyogeuzwa kuwa kazi ilikuwa baina ya asilimia 6 na 10 tu. Mwanafunzi yule aliandika pembezoni mwa daftari lake wazo la kuchunguza kama hasara hiyo ingeweza kuepukwa. Wazo hilo halikumtoka tena. Alipoajiriwa na Linde kusimamia kazi ya mitambo ya barafu kule Paris, na alipomwoa Martha Flasche mwaka 1883 na kujaliwa watoto watatu, usiku wake bado ulikuwa wa kukokotoa hesabu za joto.

Hebu sasa tulieleze wazo lenyewe, kwani ndilo linalotofautisha magari mawili ya wale wajadilianaji wetu. Kila mtu aliyewahi kuijaza upepo baiskeli anajua kwamba pampu hupata joto mkononi. Hewa ikishindiliwa, joto lake hupanda. Katika injini ya petroli, iliyotokana na kazi ya Nikolaus Otto ya mwaka 1876, mchanganyiko wa hewa na petroli hushindiliwa kwa kiasi, kisha plagi hutoa cheche ya kuuwasha. Haiwezekani kuushindilia sana, maana utalipuka kabla ya wakati wake na kuigonga pistoni. Diesel aliwaza kinyume. Kwa nini tusiishindilie hewa peke yake, tena tuishindilie kwa nguvu hadi joto lake lipite lile la kuwashia mafuta, halafu mafuta yapulizwe ndani wakati huohuo? Yatawaka yenyewe, bila plagi wala cheche. Na kwa kuwa hewa imeshindiliwa zaidi, inapotanuka hufanya kazi zaidi kwa mafuta yaleyale.

Hiyo ndiyo siri ya yote yanayosemwa gerejini. Injini ya petroli hushindilia mchanganyiko wake takriban mara kumi. Ya dizeli hushindilia hewa mara kumi na tano, ishirini au hata zaidi. Kwa sababu hiyo haina budi kujengwa kwa chuma kizito zaidi, huwa ghali zaidi inaponunuliwa, na hutoa ule mgongano wa sauti unaotambulika toka mbali. Kwa sababu hiyohiyo huwa na nguvu ya kuvuta hata inapozunguka polepole, nayo hunywa mafuta kwa uchache. Sifa na kasoro za dizeli hazikuletwa na kampuni hii wala ile. Zote zimezaliwa na uamuzi mmoja wa kijana mmoja juu ya kuishindilia hewa.

Hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ilitolewa Ujerumani tarehe 23 Februari 1893 na kupewa nambari 67207. Mwaka huohuo alichapisha kitabu cha kuieleza nadharia yake. Hapa ndipo penye funzo la kwanza kwa wanafunzi. Nadharia ilivyoandikwa katika hataza ilikuwa na kosa. Diesel alitaka mafuta yawake bila ya kuliongeza joto la hewa iliyokwisha kushindiliwa, ili injini ikaribie kabisa ile injini kamilifu inayochorwa katika vitabu vya fizikia. Alipokokotoa upya, aligundua kwamba injini ya namna hiyo ingepata nguvu kidogo mno, ambazo zingemalizwa na msuguano wa vyuma vyake yenyewe. Aliubadilisha mpango na kuomba hataza ya pili. Lakini hakutangaza waziwazi kwamba amekosea. Alinyamaza, na kimya hicho kilikuja kumgharimu, kama tutakavyoona.

Kiwanda cha mitambo cha Augsburg, ambacho baadaye kilikuwa sehemu ya kampuni ya MAN inayojulikana hadi leo kwa malori yake, kilikubali kumjengea mtambo wa majaribio. Kampuni ya chuma ya Krupp ikachangia gharama. Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 10 Agosti 1893. Mafuta yaliwaka kwa kushindiliwa kwa hewa, kama alivyotabiri, lakini msukumo ulikuwa mkubwa hata kifaa cha kuupimia kikapasuka. Tarehe 17 Februari 1894 mtambo ukazunguka kwa nguvu zake wenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Ilichukua miaka mitatu mingine ya kubomoa na kuunda upya, akisaidiwa na mhandisi Imanuel Lauster na mafundi wa kiwanda, kabla ya kupata mtambo wa kutegemewa. Mnamo Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliupima mbele ya mashahidi. Ulitoa nguvu za farasi 20, na asilimia 26.2 ya joto la mafuta iligeuzwa kuwa kazi. Hapakuwa na mtambo wa mvuke uliokaribia kiwango hicho.

Inasimuliwa kwamba Diesel alipokuwa akitafuta jina la mtambo wake, alifikiria maneno ya Kigiriki na Kilatini yenye fahari. Mkewe, Martha, ndiye aliyempa ushauri wa kuuita kwa jina lake yeye mwenyewe. Sisi wanaisimu tuna sababu ya kuikumbuka siku hiyo, kwa kuwa ushauri huo wa jikoni ndio uliozaa msamiati katika lugha za dunia nzima. Otto hakupata bahati hiyo. Injini yake ndiyo iliyoenea zaidi katika motokaa ndogo, lakini hakuna dereva wa Kenya anayeingia kituoni na kuomba lita kumi za otto.

Mali ikaja kama mafuriko. Mwaka 1897 Adolphus Busch, tajiri wa pombe kutoka St. Louis nchini Marekani, alinunua haki za kuutengeneza mtambo huo nchini mwake kwa maki milioni moja. Viwanda vya nchi nyingine vikafuata. Mtoto aliyesukuma mkokoteni mitaani Paris akawa milionea kabla ya kutimiza miaka 41. Alijenga kasri mjini Munich. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mitambo ya mwanzo iliyouzwa ilikuwa haijakomaa. Iliharibikaharibika mikononi mwa wateja, na baadhi yao wakairudisha. Kiwanda alichokianzisha mwenyewe kikashindwa. Wavumbuzi wengine walimshtaki mahakamani wakidai kwamba wazo lilikuwa lao. Mwingereza Herbert Akroyd Stuart, kwa mfano, alikuwa amepata hataza mwaka 1890 ya injini iliyopuliziwa mafuta ndani ya chumba chenye joto, ingawa yake ilihitaji kupashwa moto kutoka nje kabla ya kuanza. Diesel alishinda kesi muhimu, lakini ushindi huo ulimla fedha na afya. Maumivu ya kichwa yakawa mwenzi wake, na mwaka 1898 alilazwa katika nyumba ya wagonjwa kwa uchovu wa akili.

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia habari za mfanyabiashara tu. Jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulikalia kimya ni nia yake. Diesel hakuunda mtambo wake kwa ajili ya matajiri. Aliona jinsi injini za mvuke, kwa ukubwa na gharama zake, zilivyowapa wenye viwanda vikubwa uwezo wa kuwameza mafundi wadogo: mfumaji, seremala, mhunzi, mjalidi wa vitabu kama babake. Alitaka injini ndogo isiyo na ubadhirifu, ambayo fundi wa kijijini angeweza kuimiliki na kushindana na kiwanda cha mjini. Mwaka 1903 alichapisha kitabu cha falsafa ya jamii kiitwacho Solidarismus, akipendekeza wafanyakazi wachange akiba yao kidogo kidogo na kumiliki viwanda kwa pamoja. Yeye mwenyewe alikithamini kitabu hicho kuliko mtambo wake. Wasomaji hawakukipokea. Nakala chache tu ndizo zilizonunuliwa.

Nia yake ya pili inatugusa sisi Waafrika. Katika maonyesho ya dunia ya Paris ya mwaka 1900, ambapo mtambo wake ulipata tuzo kuu, kampuni ya Otto ya Ufaransa iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga. Ilikuwa imeundwa kwa mafuta ya ardhini, lakini ilikubali karanga bila kubadilishwa. Serikali ya Ufaransa ilivutiwa na jaribio hilo kwa kuwa karanga zilistawi katika makoloni yake ya Afrika, na ilifikiri kwamba mitambo ya huko ingeweza kuendeshwa kwa mazao ya hukohuko. Mwaka 1912, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Diesel aliikumbusha hadhira yake habari hiyo na kuashiria kwamba siku moja mafuta ya mimea yangeweza kuwa na umuhimu kama wa mafuta ya ardhini. Tusijidanganye: mpango huo ulikuwa wa mkoloni na faida ya mkoloni. Aidha, majaribio ya mmea wa jatrofa nchini mwetu, yaliyovuma katika miaka ya 2000, yalituonyesha kwamba mavuno ya shambani hayafuati matumaini ya mabango. Hata hivyo ukweli wa kihistoria unabaki palepale. Mtu ambaye jina lake limekuwa jina la mafuta hakuifunga injini yake kwenye mafuta hayo. Alianza kwa kufikiria vumbi la makaa ya mawe, akatumia mafuta ya taa, akayatazama ya karanga kwa matumaini. Kilichoamua leo tununue nini kituoni ni bei na biashara.

Na motokaa je? Ajabu ni kwamba Diesel hakuliona gari la abiria la dizeli likiuzwa. Mtambo wake ulitegemea hewa ya shinikizo kuyapuliza mafuta ndani ya silinda, na mashine ya kuitengeneza hewa hiyo ilikuwa kubwa na nzito mno kubebwa na gari. Alijaribu kuunda injini ndogo, hakufaulu. Kwa hiyo uvumbuzi wake ukaenda kwanza mahali ambapo uzito si hoja: katika viwanda, katika meli, na katika nyambizi za kivita. Malori ya dizeli yalianza kuonekana Ujerumani mwaka 1923 na 1924. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kuuza pampu iliyosukuma mafuta moja kwa moja bila kuhitaji hewa, na mlango ukafunguka. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ikaleta motokaa ya 260 D, mojawapo ya magari ya kwanza ya abiria ya dizeli kuuzwa kwa wingi, ambayo madereva wa teksi waliipenda kwa uchache wa matumizi yake. Kutoka hapo njia ni nyoofu hadi kwenye Land Rover, Land Cruiser na malori ya Isuzu yanayopanda na kushuka katika Bonde la Ufa, na hata kwenye vichwa vya treni vinavyovuta mabehewa katika reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyozinduliwa mwaka 2017.

Mwenyewe hakuyafikia hayo. Kufikia mwaka 1913 utajiri wake ulikuwa umeyeyuka. Alikuwa amenunua ardhi kwa bei ya kamari, ameweka fedha katika visima vya mafuta vya Galicia, na kudhaminiwa kwa mali ambayo haikuwepo tena. Mwaka huohuo alitoa kitabu juu ya asili ya mtambo wake, na Profesa Johannes Lüders akatoa kitabu cha kumkosoa vikali, akidai kwamba mtambo uliofaulu haukuwa ule ulioelezwa katika hataza. Kile kimya cha miaka ishirini iliyopita kikawa sasa silaha mikononi mwa hasimu. Kwa kukiri kosa dogo la hesabu mapema asingalipoteza chochote, maana kila mvumbuzi hukosea. Kulificha ndiko kulikowapa wengine nafasi ya kusema kwamba hata haki yake ya kweli haikuwa yake.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli iitwayo Dresden katika bandari ya Antwerp nchini Ubelgiji, akielekea Uingereza kwa shughuli za kampuni ya mitambo yake. Meli yenyewe ilikuwa ya mvuke. Alikula chakula cha jioni na wenzake wawili, wakatembea kidogo sitahani, na yapata saa nne usiku akaingia chumbani, akiomba aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi. Asubuhi kitanda kilikutwa hakijalaliwa. Vazi lake la kulalia lilikuwa limetandazwa tayari, saa yake imewekwa mahali pa kuonekana kutoka kitandani, na kofia na koti lake vikapatikana sitahani karibu na ukingo wa meli. Siku kumi baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliukuta mwili majini. Walitoa vitu vilivyokuwa mifukoni na kuurudisha mwili baharini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya babake.

Uvumi ulienea haraka. Wako waliosema kwamba ameuawa ili siri za nyambizi zisifike Uingereza, kwani vita vilikuwa vinanukia, na wako waliowanyoshea kidole wafanyabiashara wa mafuta. Hakuna ushahidi uliowahi kutolewa wa madai hayo. Ushahidi uliopo ni wa huzuni zaidi. Kabla ya safari alikuwa amempa mkewe mkoba na kumwagiza asiufungue kabla ya wiki moja kupita. Ndani yake mlikuwa na maki 20,000 taslimu na hati zilizoonyesha kwamba akaunti zake zilikuwa tupu. Katika shajara yake, tarehe ya siku aliyotoweka ilikuwa imetiwa alama ya msalaba. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Nimeona watu wakiyahitimisha maisha haya kwa kusema kwamba Diesel alishindwa kila kitu isipokuwa kuacha jina. Siafikiani nao. Nenda katika kijiji chochote nchini Kenya ambako nyaya za umeme zilichelewa kufika, usikilize mlio wa mashine ya kusaga unga. Kwa miongo mingi injini za dizeli, zikiwemo zile za Lister kutoka Uingereza, ndizo zilizosaga gorogoro za mahindi za akina mama waliokuwa wakitwanga na kusaga kwa mikono. Mara nyingi mwenye mashine hakuwa kampuni kubwa. Alikuwa mwalimu mstaafu, kikundi cha wanawake, au fundi wa jua kali aliyejinyima miaka mitano akaweka akiba. Ndiyo ndoto ya Augsburg neno kwa neno: mtambo mdogo, mikononi mwa mtu mdogo, unaomwezesha kusimama mbele ya mkubwa. Ndoto iliyokataliwa na wanunuzi wa vitabu wa Ujerumani ilitimia kwa kiasi fulani Vihiga, Kitui na Homa Bay, na waliotimiza hawakujua kwamba wanaitimiza.

Vilevile si haki kumtwika lawama zote za siku hizi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwaka 2015 kampuni ya Volkswagen ilikiri kwamba magari yake yapatayo milioni 11 duniani yaliwekewa programu ya kudanganya vipimo vya moshi, na magazeti ya Ulaya na Marekani yakalitumia jina la marehemu kuibatiza kashfa hiyo. Moshi huo unaua, na hilo halina mzaha. Ndiyo sababu nchi za Afrika Mashariki zilifanya jambo la busara mwaka 2015 zilipopunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa kila milioni. Lakini uongo wa vipimo uliandikwa na watu walio hai, wenye majina yao, mishahara yao na wakuu wao. Lugha ina udhaifu huu: jina likishakuwa la kitu, kila uovu wa kitu hicho hudondokea kwenye kaburi la mwenye jina, hata kama kaburi lenyewe ni bahari.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wenzangu jambo moja. Mwalimu wa fizikia anapochora silinda na pistoni ubaoni, amtaje kijana aliyeandika pembezoni mwa daftari na mwalimu wa hisabati aliyemlea. Mwalimu wa historia anapofundisha mapinduzi ya viwanda, aulize mtambo ulikusudiwa nani na ukaishia mikononi mwa nani. Nasi wa Kiswahili, tunapofundisha jinsi nomino za pekee zinavyogeuka kuwa nomino za kawaida, tuiandike ubaoni ile sentensi inayoonekana kuwa na kosa, dizeli alikuwa mtu, kisha tuwaache wanafunzi wabishane kama upatanisho wake ni sahihi. Watakapomaliza kubishana watakuwa wamejua kwamba nyuma ya neno la senti chache kwenye pampu palikuwa na mtoto mkimbizi, mwanafunzi mgonjwa, mvumbuzi mwenye kiburi, baba mwenye madeni, na mtu aliyetaka fundi mdogo asimezwe. Mwanafunzi anayejua hivyo hatashangaa siku atakapobuni chake, wengine wakakinunua na kukitumia kwa nia zao. Atakuwa ameonywa mapema kwamba kuvumba kitu ni kazi moja, na kulinda kusudi lake ni kazi nyingine, tena ngumu zaidi.